Axio ya haibridi au ya kawaida? Hesabu za mtu wa Goba

Baba watoto anataka Toyota Crown. Ameitaka tangu zilipoanza kujaa mjini, na kila tukipita yadi za magari Kinondoni shingo yake inageuka yenyewe. Mimi nataka gari la kunifikisha Posta, katikati ya Dar es Salaam, bila kunifilisi. Kwa kuwa mkopo unakatwa kwenye mshahara wangu, mjadala wa aina ya gari uliisha mapema: Toyota Corolla Axio, injini ya cc 1,500, buti la kutosha kupakia magunia mawili ya mchele. Kilichobaki ni swali moja lililotuweka mezani wiki nzima. Ya petroli tupu, au ya haibridi, yenye injini ya petroli pamoja na mota za umeme na betri yake kubwa?

Kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo nilianza na barabara kabla ya gari. Nakaa Goba. Nashuka Tangi Bovu, naingia Bagamoyo Road, Mwenge, Morocco, halafu mjini. Ni kama kilomita 25 kwenda, na 25 kurudi. Nikiondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri nafika nikiwa binadamu. Nikichelewa mpaka saa kumi na mbili na robo, basi tena, nakaa Mwenge nikiangalia wauza maji na chaja za simu wakipita dirishani, gari linasogea hatua mbili linasimama. Gari la petroli katika hali hiyo linaunguza mafuta likiwa limesimama, huku kiyoyozi kinaongeza mzigo kwenye injini. Haibridi inazima injini. Kiyoyozi kinaendelea kwa sababu kompresa yake inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, na injini inaamka kidogo tu betri ikishuka. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme ambao kwenye gari la kawaida ungepotea kama joto la breki. Ndiyo maana haibridi inafurahia foleni ambayo sisi tunailaani.

Sasa weka gari hilohilo kwenye barabara ya Dodoma, kilomita 80 kwa saa, mguu umetulia. Hakuna kusimama, hakuna breki ya kuvuna umeme, injini ya petroli ndiyo inayofanya karibu kazi yote. Bado ina nafuu, kwa sababu injini yenyewe imeundwa kwa ubahili, lakini ile tofauti ya kukuacha mdomo wazi huioni.

Axio ya haibridi ilipotoka Japani mwaka 2013, kipimo chao rasmi kilisema kilomita 33 kwa lita. Madalali wa Dar wanaitaja namba hiyo kama vile wameipima wao. Ilipimwa maabara, bila matuta ya Goba na bila mama mwenye watoto watatu na kiyoyozi namba nne. Mimi nilitumia namba za ofisini kwetu. Kuna kaka ana Axio ya kawaida anayetokea Mbezi Beach, anapata kama kilomita 11 kwa lita. Kuna dada wa masijala ana ya haibridi, anatunza risiti za sheli kwenye bahasha (nampenda sana huyu dada), na wastani wake ni 19. Hizo ndizo nilizoweka kwenye hesabu.

EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zinapanda zinashuka, kwa hiyo nilichukua shilingi 3,000 kwa lita ili nisijidanganye. Kilomita 50 kwa siku, siku 24 za kazi, ni kilomita 1,200 kwa mwezi. Axio ya kawaida: lita 109, shilingi 327,000. Haibridi: lita 63, shilingi 189,000. Tofauti ni 138,000 kila mwezi. Nilipomwonesha baba watoto alinyamaza, na mtu huyu hanyamazi ovyo.

Halafu nikaanza kuipunguza hiyo furaha mwenyewe.

Kwanza bei. Yadi tulizozunguka, kwa mwaka uleule na hali ileile, haibridi ilikuwa juu kwa kama milioni tatu. Sehemu ya hiyo inatoka Japani, sehemu inatengenezwa bandarini, kwa sababu kodi zinapandiana: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya ukubwa huu, kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote. Dola 1,000 ya ziada kule inafika hapa ikiwa zaidi ya 1,500, hujagusa tozo nyingine. Na kuna ushuru wa uchakavu. Gari likifikisha miaka 8 tangu litengenezwe linaongezewa asilimia 15, likivuka 10 ni 30. Kwa gari la kawaida watu wengi wanameza tu hiyo asilimia 30 kwa sababu gari kuukuu ni rahisi kule Japani. Kwa haibridi unalipia uzee mara mbili: mara moja kwa watoza kodi wa TRA, mara ya pili kwenye betri.

Tuongee betri, maana ndiyo hofu ya kila mtu. Betri ya Axio hii iko chini ya siti ya nyuma. Ni moduli 20 za nikeli, yaani betri ndogondogo, kila moja volti 7.2, zimeungwa kwa mstari zikatoa volti 144. Kwa sababu zimeungwa kwa mstari, moja ikichoka inaziangusha zote. Siku hiyo dashibodi inawaka taa, na mashine ya kupimia inaonesha P0A80, msimbo wa betri iliyochoka ambao wenye haibridi wanaujua kama wanavyojua namba zao za simu. Hapo una njia tatu. Ununue betri ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lingine. Nilizungushwa Ilala na Gerezani nikatajiwa kuanzia milioni moja na nusu hadi karibu tatu, kutegemea anayeuza kakuonaje. Uagize mpya, ambayo ni ghali zaidi ila unalala. Au fundi akubadilishie moduli zilizokufa tu. Hii ya tatu ndiyo rahisi na ndiyo inayopendwa, na ndiyo ambayo mimi singeifanya kwa gari ninalotaka kukaa nalo: unaweka moduli yenye nguvu katikati ya wazee, baada ya muda mfupi mzee mwingine anaanguka, unarudi gereji.

Kinachoua betri hizi mapema kwa mazingira yetu ni joto. Zinapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia kitundu pembeni mwa siti ya nyuma. Ukifunga kitundu hicho kwa begi la shule, au feni ikijaa vumbi na nywele, betri inapika. Fundi mmoja wa Sinza alinifungulia feni ya gari la mteja aliyekuja na taa imewaka. Mapanga yake yalikuwa yamevaa koti la vumbi jekundu, laini kama la chini ya kitanda, na katikati limejikunja ganda la pipi. "Dada, hii ni kusafisha tu," aliniambia. "Lakini mwenye gari hajui kama ina feni."

Huyo fundi ndiye aliyenifundisha jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kompresa ya kiyoyozi ya haibridi inatumia oili yake maalum isiyopitisha umeme. Ukienda kwa fundi wa kawaida wa gesi, akakuwekea gesi pamoja na oili anayoweka kwenye gari la petroli kama Toyota IST, unaharibu kitu cha bei mbaya kwa kuokoa elfu thelathini. Kwa hiyo hasara ya kweli ya haibridi Dar si kwamba inaharibika sana. Ni kwamba mafundi wa kuiaminia ni wachache, na wengi wanaosema wanaiweza wanajifunzia kwako. Nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti si za kuchezewa na mtu mwenye bisibisi na ujasiri.

Upande wa pili, kuna vitu ambavyo haina kabisa. Haina stata ya kawaida, haina alteneta, haina gia boksi ya kubadilisha gia. Kuna seti ya gia na mota mbili zinazogawana kazi na injini. Hivyo vyote ni vitu nilivyowahi kulipia kwenye magari mengine. Pedi za breki nazo zinadumu, maana mota ndiyo inayopunguza mwendo sehemu kubwa. Na tofauti na haibridi za zamani, buti lake halijaliwa na betri.

Mvua ndiyo iliyomtia baba watoto wasiwasi. Betri iko chini, na mji huu ukipata mvua ya siku mbili Jangwani panafungwa. Nilimjibu kwamba gari lolote dogo likiingia maji ya kufika kwenye siti ni msiba, haibridi ni msiba wenye bei kubwa zaidi. Njia yangu haipiti Jangwani. Tungekuwa tunakaa Kigogo ningesema vingine.

Akajaribu ujanja wa mwisho: Crown ya haibridi! Lita 2.5, mafuta kidogo kuliko Crown za V6, heshima palepale. Nikamwambia ushuru wa bidhaa kwa injini ya juu ya cc 2,000 ni mara mbili, betri yake iko nyuma ya siti imekula buti, na heshima hailipi ada. Tukahamia kwenye chai.

Narudi kwenye hesabu. Kwenye ile 138,000 nilitoa 60,000 kila mwezi na kuiita mfuko wa betri. Miaka mitatu ni 2,160,000, betri ya mtumba iliyo nzuri. Ikibaki hai, hela ni yangu. Kinachosalia ni 78,000 kwa mwezi, na kwa hicho ile milioni tatu ya ziada inarudi baada ya miaka mitatu na kidogo. Kwa mimi ni ndiyo, lakini ndiyo nyembamba. Mdogo wangu wa Dodoma, ambaye kwake na kazini ni dakika kumi, alinipigia akitaka na yeye haibridi kwa sababu dada kasema. Kwa kilomita zake angeokoa kama 36,000 kwa mwezi, hata mfuko wa betri haujai. Nilimwambia achukue ya kawaida, akanuna.

Kilichoinenepesha ile ndiyo yangu ni woga wa watu wengine. Dar, ukitaka kuuza haibridi ambayo imeshatumika hapa, wanunuzi wanakimbia. Wanakuuliza "betri yake ikoje?" kabla ya salamu. Hiyo ni hasara siku utakayouza, na ni faida siku unayonunua. Kwa hiyo niliacha kuangalia zinazoshuka melini, nikaanza kutafuta za namba E, yaani zilizokwisha kusajiliwa hapa nchini na ziko mikononi mwa watu, na kwenda kuziona pamoja na fundi wa Sinza, kifaa chake kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, na programu kwenye simu inayosoma volti za betri kundi kwa kundi.

Ya kwanza ilikuwa Mbagala, inang'aa, siti zimevishwa ngozi. Tukaendesha. Kwenye simu makundi yote yalitembea pamoja isipokuwa moja: kila fundi alipokanyaga mafuta lilidondoka peke yake, alipoachia likarudi. Muuzaji akasema ni kawaida, gari limekaa tu. Fundi hakubishana naye. Alichomoa kifaa, akaniuliza kama nimepata chai.

Ya pili ilikuwa Tabata, ya mzee mstaafu, rangi ya fedha, bampa ya mbele imechubuka. Volti zilipanda na kushuka kama kundi moja hata tulipopandisha mlima na kiyoyozi kimewashwa hadi mwisho. Feni ilikuwa na vumbi la kawaida. Maji ya kupoza inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili uendeshe mota), ambayo yana tenki lake tofauti na la injini, yalikuwa kwenye alama. Mzee alikuwa anataka milioni kumi na saba na nusu.

"Shikamoo tena baba," nilimwambia baada ya fundi kunionesha dole gumba. "Gari ni zuri. Ila haibridi, betri siku yoyote."

"Marahaba mwanangu. Kila anayekuja anasema hivyohivyo, na hakuna anayenunua."

Tulimalizana kwa milioni kumi na tano na laki nane, ambayo ni bei ya Axio ya kawaida ya umri ule. Ile milioni tatu ya ziada niliyokuwa nimepanga kuirudisha kwa miaka mitatu haikutoka kabisa mfukoni. Mzee alinipa na risiti zake za sevisi, zimebanwa na klipu kwa mpangilio wa tarehe. Kuhamisha jina la kadi ilichukua muda kuliko kununua. Baba watoto ameshaliendesha mara kadhaa, na lalamiko lake mpaka sasa ni kwamba likitambaa kwa umeme asubuhi kuku wa jirani hawasogei.