Jaisalmer: panda ngomeni, ulale nje ya kuta

Safari ya Jaisalmer, mji wa jangwani India, kutoka Kisumu huanzia kliniki. India inamdai msafiri wa Kenya kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na sindano iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kuingia. Asiye na kadi anaweza kuzuiliwa karantini hadi siku 6. Viza huombwa mtandaoni. Beba na adapta, kwa maana plagi zetu za miguu bapa haziingii katika soketi zao za matundu ya mviringo.

Nilipita njia ya kawaida: basi la Nairobi kupitia Nakuru, ndege ya moja kwa moja hadi Mumbai, nyingine ya ndani hadi Jodhpur, kisha treni. Jodhpur hadi Jaisalmer ni kama kilomita 280 za jangwa la Thar. Tiketi za treni hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na za Desemba huisha upesi. Usibanie pesa hapa. Behewa la bei nafuu lina madirisha ya wazi na vumbi hujaa hadi masikioni. La AC (kiyoyozi) limefungwa vizuri na unapewa shuka na blanketi.

Stesheni iko kama kilomita 2 kutoka ngomeni. Wenye tuktuk ni walewale wa Kondele kwetu Kisumu, patana bei kabla hujaketi. Anayekubeba bure anakupeleka kwenye hoteli inayomlipa kamisheni, na ukishaweka mzigo chini utauziwa safari ya ngamia.

Ngome ilianzishwa na Rawal Jaisal mwaka 1156 juu ya kilima cha Trikuta, na mpaka leo watu wanaishi ndani. Unapanda kupitia malango manne: Akhai Pol, Suraj Pol, Ganesh Pol na Hawa Pol. Njia inajipinda kati ya lango na lango makusudi, ndovu wa adui asipate nafasi ya kukimbia na kuugonga mlango. Inua macho: ukingoni mwa kuta yamepangwa mawe ya mviringo, tayari kuporomoshewa anayepanda. Aliyewahi kufika Thimlich Ohinga kule Migori atasimama kidogo hapa, kwa sababu hapa pia kuna mawe yaliyoshikana bila saruji. Tofauti ni kwamba haya ya manjano yamechongwa yakalingana, na mengine yamebanwa kwa vyuma.

Kinachoiangusha ngome hii ni maji. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 250, ambazo Kisumu huweza kuzipata katika mwezi mmoja wa masika. Nyumba zilijengwa kwa watu waliobeba maji kutoka ziwa la Gadisar, wakayatumia kwa kibaba. Mifereji ilipofika, zikafuata hoteli na vyoo vya kuvuta, na mitaro ya zamani ikazidiwa. Maji yanavuja chini, udongo mfinyanzi ulio kati ya tabaka za mawe unalainika, na ukuta unateleza. Miaka ya 1990 sehemu zake ziliporomoka. Kwenye vichochoro tazama sehemu za chini za kuta: penye chumvi nyeupe na jiwe linalomeguka kama mkate mkavu, pana unyevu ndani. Kwa hiyo lala mjini chini. Unaiona ngome nzima kutoka paa la nyumba ya wageni, na kuoga kwako hakuiongezei mzigo.

Mahekalu ya Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India inayokataza kuua viumbe, yako humo ngomeni. Nenda asubuhi, kisha uache nje viatu, mkanda na pochi ya ngozi. Nakshi za Patwon ki Haveli, majumba ya wafanyabiashara nje ya kuta, ni nzuri zaidi kuliko za jumba la mfalme lililo ngomeni, kwa macho yangu.

Chakula hakitamsumbua mla dengu. Baati ni madonge magumu ya ngano yaliyookwa: yavunje, mwagia samli, kisha dengu.

Nenda kati ya Oktoba na Machi, na ubebe sweta, usiku wa Januari ni baridi kweli. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40. Vilima vya mchanga vya Sam viko kama kilomita 40 magharibi. Ukivipita unakaribia mpaka wa Pakistan, ambako mgeni huhitaji kibali. Dereva akikwambia hakihitajiki, mwambie ageuze gari.