Nilikuwa nakimbia na njaa

Sketi ndiyo iliyoniumbua. Pasaka ya mwaka 2025 nilikwenda Mvumi kumsalimia mama, na nilipoinama kuchota maji akaona pini mbili kiunoni, moja kila upande. Sketi ile alinishonea mwenyewe. Akanishika kiuno, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, unakula?" Nikamwambia nakula mama, ni mazoezi tu. Na kweli niliamini hivyo.

Nakimbia mbio ndefu, hasa kilomita kumi. Alfajiri kabla ya kufungua duka natoka Chang'ombe, hapa Dodoma, nashika barabara ya Singida kuelekea Nala, na jioni mbili kwa wiki naungana na wenzangu Uwanja wa Jamhuri. Mwishoni mwa 2024 nilikuwa na kilo 51 na muda wa dakika 39 na sekunde 10. Kocha tuliyekuwa naye wakati huo alikuwa akitupima uzito kila Jumamosi mbele ya wote, huku akisema mwepesi ndiye mshindi. Nikaacha chakula cha usiku. Kilomita nikazipandisha kutoka 70 kwa wiki hadi 105.

Wiki za mwanzo muda ulipungua kweli, na hapo ndipo niliponaswa. Ulipoanza kurudi juu, dakika 40, kisha 41, niliona dawa ni kujituma zaidi. Usingizi ukapotea. Naamka saa nane usiku moyo unadunda, mchana nasinzia juu ya kaunta, na mteja akiuliza bei mara mbili nahisi kumfokea. Tangu Februari sikuwa nimeona siku zangu. Dada mmoja wa kikosi akaniambia nisihangaike, eti huo ndio mwili wa mwanariadha, nami nikafurahi kwamba nimeokoa hela ya pedi.

Neno hilo bado linazunguka viwanjani na linaniumiza kulisikia. Hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo na huna mimba, mwili unakueleza jambo. Chakula kisipotosha, unabana matumizi kama nyumba iliyoishiwa hela: kwanza unazima uzazi, homoni ya estrojeni inashuka, na homoni hiyo ndiyo inayosaidia kulinda mifupa.

Yangu ilivumilia mpaka Julai, msimu wa upepo Dodoma. Maumivu yalianza kwenye muundi wa kushoto, mahali padogo kama sarafu ya shilingi mia. Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu, nikarudi barabarani. Baadaye nilijua kwamba ufa wa aina hii, unaotokana na mfupa kugongwa tena na tena bila kupata nafasi ya kujijenga, mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki za mwanzo.

Aliyeugundua ni mama mmoja wa fiziotherapia. Alibonyeza pale pale, akanitaka niruke kwa mguu ule mmoja. Sikuweza. Nilitegemea aulize habari za viatu. Akauliza, "Binti yangu, siku zako uliziona lini?" Halafu, "Na jana ulikula nini, tangu ulipoamka?"

Nikamtajia: chai ya rangi na nusu chapati, mchana ugali na mlenda, jioni ndizi mbili. Siku hiyo nilikuwa nimekimbia kilomita 15. Akageuza kadi yangu akaandika nyuma. Wakati huo nilikuwa na kilo 46, ambazo ukitoa mafuta zinabaki kama 39. Kilomita 15 kwa uzito wangu zinakula karibu kalori 700. Chakula changu alikikadiria 1,500. Kinachobaki, 800, ukigawa kwa 39 ni kama 20 kwa kila kilo. Mwili wa mwanamke anayefanya mazoezi unahitaji kubakiwa na karibu 45, na ukiwa chini ya 30 kwa muda mrefu hatari ya kuanza kuzima vitu inaongezeka sana, ingawa mpaka huo unatofautiana kati ya mtu na mtu. Akaniambia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hili jina lake, RED-S, yaani upungufu wa nishati kwa wanamichezo, mwaka 2014 na kueleza wazi kwamba wanaume nao linawapata. Kadi ile ninayo mpaka leo.

Kupumzisha mguu wiki nane kulikuwa rahisi kuliko kula. Kula bila kukimbia nilikuona kama wizi. Kila nikipita duka la dawa lenye mizani nje, miguu ilinivuta kwenda kupima. Nikabadili njia ya kwenda kazini ili nisiione. Nikafungua daftari la shule, upande mmoja nikiandika nilichokula, upande wa pili mapigo ya moyo niliyohesabu kabla sijatoka kitandani.

Mama alinitumia karanga kwa gari la abiria. Nikawa nasaga, natia vijiko vitatu vikubwa kwenye uji wa uwele, pamoja na maziwa. Asubuhi kabla ya kutoka nje, hata kama sina hamu. Mchana ugali uleule, lakini mlenda wenye karanga, na maharage au dagaa pembeni. Usiku nakula, basi. Sikununua unga wowote wa kwenye makopo. Vyote nilivyohitaji vipo soko la Majengo.

Septemba 15 niliamka usiku kutazama kwenye simu marathoni ya dunia kule Tokyo. Ilikuwa inakaribia saa kumi alfajiri Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alipomzidi Mjerumani kwa sekunde 0.03 na kuipatia Tanzania dhahabu. Nililia. Nikatamani kuvaa viatu saa ile ile na kutoka. Nikaenda jikoni, nikala viazi vitamu vilivyobaki, nikarudi kulala.

Nilianza tena Oktoba, dakika moja kukimbia, mbili kutembea. Sasa nafanya kilomita 60 kwa wiki, siku mbili ni za kupumzika kabisa, na kila wiki ya nne napunguza. Mapigo ya asubuhi yakizidi ya kawaida kwa saba siku mbili mfululizo, siendi. Nikirudi nakula kabla ya kuoga: maziwa mgando, ndizi, chapati. Kocha nilibadilisha.

Siku zangu zilirudi Desemba, asubuhi ya Jumapili, nikiwa na kilo 52. Nilinunua pedi duka la jirani, nikampigia mama kabla sijafika nyumbani. Akashusha pumzi ndefu. Kisha akauliza karanga zimebaki kiasi gani, maana kuna gari linatoka Mvumi kesho.