Tulikuwa tunabeba maji kwa dizeli

Mimi ni karani wa magari ya taka katika mojawapo ya miji ya mashariki mwa Uganda iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020. Naandika lori limetoka saa ngapi, limerudi saa ngapi, limejazwa lita ngapi. Nimekulia Busia, mpakani, na sokoni kwetu Kiswahili ndicho kinachotuunganisha: Mkenya wa nyanya, Mgisu wa vitunguu, Mnubi wa vikapu.

Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, dampo la Kiteezi lililokuwa likipokea taka za Kampala tangu 1996 liliporomoka na kufukia watu na nyumba zao. Waliokufa walizidi 30. Habari ile ilinikaa moyoni. Jumatatu nilipofungua kitabu cha safari, niliona nimejaza kurasa nzima za lita na kilomita, lakini hakuna mahali nilipowahi kuandika lori limebeba nini.

Basi nikapanda lori siku tatu mfululizo. Safari nyingi zilianzia sokoni, na mzigo wa sokoni karibu wote ulikuwa maganda ya matoke, zile ndizi za kupika. Likamue ganda bichi mkononi uone: ni maji matupu. Lori lilikuwa likipanda ile barabara ya udongo kwa gia ya kwanza, moshi mweusi nyuma, likibeba maji. Na kule dampo maganda yanafunikwa na taka nyingine, hewa haifiki, yanaoza na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule, ukipima kwa miaka 100. Tunachoma dizeli kwenda kutengeneza gesi. Iliniuma, maana sahihi kwenye kila safari ni yangu.

Nikaomba mapipa. Nikapewa kumi, tukayapaka rangi, matano ya maganda na matano ya takataka nyingine. Wiki ya pili sikuona hata moja mahali pake. Niliyakuta nyuma ya vibanda vya akina mama wapishi, yameoshwa yakang'aa, yamejaa maji safi.

Nilikwenda nimekasirika. Mama mmoja, mkubwa wao, alinivutia kigoda akaniambia, "Kaa kwanza, mwanangu. Mfereji wa hapa hutoka maji saa moja tu kwa siku. Sisi shida yetu si pipa la taka. Hebu njoo alfajiri uone maganda yanaanzia wapi."

Nikaenda saa kumi na moja alfajiri. Kumbe wamenyaji hawazidi ishirini na wote hukaa kona moja, chini ya taa ya ukuta, miguu imenyooshwa, visu vidogo vinakwenda bila wao kuvitazama. Maganda yanaangukia juu ya majani ya mgomba, safi kabisa, hayana kavera, yaani mifuko ya plastiki, wala mchanga. Yanachafuka baadaye, mfagiaji anapoyasukuma pamoja na kila kitu hadi kwenye lundo la lango. Kumbe hapakuwa na kazi ya kutenganisha. Kazi ilikuwa kuwahi kabla hayajachanganywa.

Mapipa nikawaachia. Tukaweka mkokoteni pale pale chini ya taa. Wafuga ng'ombe na mbuzi, ambao zamani walikuwa wakichakura lundo la lango, sasa wanakuja na boda saa moja asubuhi kuchukua maganda mabichi bila malipo. Yanayobaki yanakwenda kwenye kiwanja cha mboji. Kiwanja tulikuwa nacho, kama vile vilivyojengwa Mbale, Jinja, Fort Portal na kwingine chini ya mpango wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, na Benki ya Dunia, ila chetu kilikuwa kimeota nyasi.

Mboji nilifundishwa na mzee wa kiwanjani. Maganda na majani makavu hupangwa kwa matuta marefu, kisha tuta hupinduliwa mara kwa mara ili hewa ipenye. Yeye hana kipimajoto. Anachomeka nondo katikati ya tuta, anangoja kidogo, anaichomoa na kuishika. "Ukiweza kuishikilia, halijaiva. Ikikufanya uiachie, hapo joto lipo." Niliishika nikaiachia mara moja.

Mauzo ya kwanza yalituaibisha. Mkulima wa kahawa alirudisha gunia. Ndani mlikuwa na vipande vya kavera na wembe. Tulikuwa tumechanganya taka za zamani za lango ili tujaze matuta haraka, na wazo hilo lilikuwa langu. Nilimrudishia pesa yake nikamwomba radhi. Tangu hapo kila gunia linapita kwenye chekeche la wavu kabla ya kushonwa. Kavera nyembamba za chini ya mikroni 30 zimepigwa marufuku kisheria, lakini sokoni bado zimejaa, na hilo kwa kweli hatujaliweza.

Safari za soko zimeshuka kutoka tano kwa siku hadi tatu, nyakati za mvua nne. Lakini kupunguza safari kulikuwa rahisi kuliko kuilinda ile dizeli iliyobaki. Mwaka wetu wa fedha huanza Julai 1, na idara isiyotumia mafuta yake hupunguziwa mwaka unaofuata, kwa hiyo hata madereva walikuwa wakiniambia, "Karani, unatukatia riziki." Nilimwomba mhasibu anisaidie kuandika ombi kwamba lita zilizookolewa zihamishiwe kwenye trekta la kupindulia matuta, na madereva wawili wapewe kazi hiyo. Ombi lilirudishwa mara mbili. Mara ya tatu nilipeleka kitabu cha safari chenyewe, cha kabla na cha baada, nikakiweka mezani wazi. Likapita.

Sasa kwenye kitabu nimechora safu moja zaidi kwa rula: mzigo. Jumatatu tunaingia soko la pili, la samaki, na nimeshaomba kwenda alfajiri.