Hattie McDaniel, mama aliyefungua njia

Kila nikikaa na wadada wa kikundi chetu cha maigizo hapa Nkuhungu huyu mama lazima nimtaje, yani Hattie McDaniel, mwigizaji mweusi wa Marekani, namkubali sana! Kazaliwa Kansas 1893, baba yake aliwahi kuwa mtumwa, akakua anaimba na kuigiza halafu alipofika Los Angeles 1931 ikabidi afanye usaidizi wa ndani huku anatafuta nafasi kwenye filamu. Baadae ndo akaigiza Gone with the Wind kama mfanyakazi wa nyumbani, na jamani yule mama anaigiza hadi machozi yanakutoka. Uzinduzi wa filamu hiyo kule Atlanta 1939 hakuweza kwenda sababu ya ubaguzi. Februari 1940 akachukua tuzo ya filamu ya Oscar, mtu mweusi wa kwanza kabisa, ila ukumbini wakamkalisha meza ya pembeni mbali na wenzake maana hoteli ile haikuwa inapokea watu weusi. Inaniuma mpaka leo. Alifariki 1952, alitaka azikwe makaburi ya Hollywood nako wakamkatalia. Tuzo yenyewe alikiachia Chuo Kikuu cha Howard ikaja kupotea, 2023 ndo chuo kikapewa nyingine.