Ukuta wa Pembeni

Bwana asifiwe, wapendwa. Jumatano ya wiki hii niliamka na kikohozi kikavu na koo linalowasha, na kesho yake ilikuwa zamu yangu kuongoza ushirika wa nyumbani kule Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu. Nilishindana na nafsi yangu mchana kutwa. Nilijiambia kwamba ni vumbi tu, kwamba kiongozi asipofika watu huvunjika moyo, kwamba aliyeniita katika kazi yake atawalinda walio wake. Jioni nikafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 22, nikakutana na mstari wa 8, ambao nimeupita mara nyingi bila kusimama: ajengaye nyumba mpya na aifanyie dari yake ukuta wa pembeni, asije akaleta damu juu ya nyumba yake kwa mtu kuanguka kutoka huko.

Sisi wa nyumba za mabati hatupandi darini kupunga upepo, lakini watu wa Israeli walikaa huko na wageni wao. Angalieni jinsi Bwana anavyomwagiza mwenye nyumba: hamwambii amwombee mgeni asianguke, wala hampi nafasi ya kungoja mmoja aanguke kwanza. Ukuta hujengwa pamoja na nyumba, kwa ajili ya mtu ambaye huenda jina lake bado halijulikani.

Mimi jina ninalijua. Kuna dada yetu, ambaye ameniruhusu niyaandike haya, aliyekuwa akituanzishia nyimbo katika kwaya. Aliugua korona Juni 2021, mwezi ule ambao Kisumu na kaunti nyingine 12 za ukanda huu ziliwekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni. Homa ikaisha, wala hakulazwa, lakini nguvu zake hazikurudi. Akifua nguo za watoto leo, kesho na kesho kutwa yuko kitandani, mwili mzito kama uliomwagiwa maji. Akizungumza, neno alilolijua tangu utoto humpotea katikati ya sentensi. Shirika la Afya Duniani linaitambua hali hii, iitwayo korona ya muda mrefu, kwa dalili zinazoonekana miezi 3 baada ya kuugua na kudumu kwa angalau miezi 2. Kwake imekuwa miaka. Usingizi hauondoi uchovu huo, na kujikaza humzidishia. Anajua kwamba kuambukizwa tena kunaweza kumrudisha nyuma, na ndiyo maana huvaa barakoa na kukaa karibu na mlango.

Mimi ndiye niliyemwambia mbele ya watu wote, “Dada, vua hiyo barakoa, hapa tumefunikwa kwa damu ya Yesu.” Watu wakaitikia amina. Aliivua, akaikunja mara mbili, akaifunga katika pindo la leso yake. Hakurudi kwa wiki saba.

Ndugu zangu viongozi, niseme bila kuzunguka. Shetani alimsimamisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamnukulia ahadi ya kweli kutoka Zaburi, na Bwana akakataa kujitupa. Sisi tumeishika ahadi hiyo hiyo, na wala hatujitupi wenyewe, bali tunawasukuma wanyonge ukingoni na kuwaambia waonyeshe imani. Dharura ilipotangazwa kuwa imekwisha, tarehe 5 Mei 2023, hakuna aliyesema kwamba virusi vimekwisha, ila tulisikia tulichotamani kusikia. Virusi hivi hutoka katika pumzi zetu, hasa tunapoimba na kupaza sauti, na katika chumba kilichofungwa huelea kama moshi wa jikoni usio na pa kutokea.

Nayajua mazingira yetu. Ushirika huanza saa kumi na mbili jioni, mbu huingia, mwenyeji hufunga madirisha, naye hafanyi kosa, kwa maana malaria huku imetuzikia watoto. Lakini saa za ibada tulizipanga wenyewe, na tunaweza kuzipanga upya.

Alhamisi sikwenda. Nilimpigia simu mwenyeji, kijana mmoja akaongoza, nami nikafuatilia maombi kwa simu nikiwa kitandani. Alhamisi ijayo tutaanza saa tisa na nusu alasiri chini ya mwembe wa mwenyeji wetu, tumalize kabla ya mbu, na wanaotoka kazini watatukuta tukiendelea. Mwenye kikohozi au homa abaki nyumbani bila kuona haya. Tutampigia, tumwombee huko huko aliko. Atakayevaa barakoa asiulizwe neno. Nimeomba kiti chenye mgongo kiwekwe upande ule upepo wa ziwani unakotokea. Dada ameniambia kwamba siku hiyo hatafua, ili apate nguvu za kufika.