Nilivyoweza kujivuta kwenye chuma kwa kuanza na kushuka

Kuning'inia nilikuwa naweza vizuri tu. Shida ilikuwa kupanda: viwiko vinakunjika kidogo, halafu mwili mzima unagoma na kidevu bado kiko mbali na chuma. Kila niliyemuuliza aliniambia nikazane. Nikaona afadhali nisome kwanza huo msuli wenyewe unafanyaje kazi.

Msuli unaovuta mfupa ni mafungu ya nyuzi. Kila uzi ni seli moja ndefu yenye viini vingi, na ndani yake mna vijiuzi vyembamba zaidi, vilivyogawanyika vipande vipande vya takriban mikromita 2 hadi 2.5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Humo ndimo zilimo aktini na mayosini, protini mbili zilizopishana kama vidole vya mikono miwili. Mwaka 1954 Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na kwa upande wao Hugh Huxley na Jean Hanson (hao Huxley wawili hawakuwa ndugu), walieleza kwamba msuli unapojikunja protini hizo hazifupiki, bali huteleza na kuingiliana zaidi. Neva ikileta amri, kalisiamu humwagika ndani ya uzi, vichwa vya mayosini vinashika aktini, vinavuta, vinaachia, vinashika tena. Ili viachie inatakiwa ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Ndiyo maana maiti hukakamaa, ATP imekwisha na vichwa vimeng'ang'ania.

Lililonisaidia lilikuwa jambo dogo: msuli unaorefuka huku umebeba mzigo huhimili uzito mkubwa kuliko unapofupika, tena kwa nishati kidogo. Basi nikaachana na kupanda. Nikaweka stuli, nikasimama kidevu kikiwa juu ya chuma, nikakunja miguu na kuanza kushuka taratibu kadiri nilivyoweza. Juu ilikuwa rahisi. Viwiko vilipofika pembe mraba mikono ikaanza kutetemeka, na kutoka hapo nilikuwa najizuia tu nisidondoke.

Kesho yake sikusikia kitu. Kesho kutwa, kuvua fulana ilikuwa kazi! Watu wa mazoezi watakwambia hiyo ni asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa msulini wakati wa kazi nzito, lakini laktiki huondolewa ndani ya saa moja hivi, na mwili huitumia kama nishati. Maumivu ya kesho kutwa yanatokana na michubuko midogo ndani ya nyuzi na mwili unavyoishughulikia, na kushuka na mzigo ndiko kunakoyaleta zaidi. Nilisubiri yatulie, nikarudia. Safari zilizofuata yaliuma kidogo, kwa sababu msuli uliokwisha kuchubuka hivyo huzoea upesi.

Kilichobaki ni mapumziko, na hapa ndipo wengi wanapopaharakisha. ATP iliyomo ndani ya msuli hutosha sekunde chache tu. Fosfokreatini, akiba nyingine ya nishati iliyomo msulini, huijaza tena kwa sekunde 10 hivi za kazi nzito, baada ya hapo msuli unategemea zaidi sukari yake. Huku nyuma fosfati, mabaki ya akiba hizo zikitumika, inajaa ndani ya uzi. Vichwa vya mayosini vinavuta kwa unyonge na kalisiamu nayo inatoka kidogo. Ukirudi kwenye chuma baada ya nusu dakika, fosfokreatini iliyorudi ni kama nusu tu. Karibu yote hurudi ndani ya dakika 3 hadi 5. Kwa hiyo nilikaa chini na kusubiri dakika zangu zikamilike, wenzangu wakidhani nimekuja kupiga soga.

Kisha ikaja siku nikaacha stuli, nikajivuta kutoka chini na kidevu kikavuka chuma. Mikono haikuwa imenenepa hata kidogo. Fulana zilinikaa vile vile. Wiki za mwanzo nguvu nyingi hutoka kwenye neva, zinazojifunza kuziita nyuzi nyingi kwa pamoja, zikiwemo zile za kasi ambazo huamshwa tu mzigo ukiwa mzito na ndizo zinazochoka mapema. Unene wa msuli huchelewa.

Siku hizi nikipanda mara chache naacha kabla mtetemeko haujaanza, nakaa dakika zangu, kisha narudi. Stuli bado naitumia mwishoni, nguvu za kupanda zikishaisha na za kushuka zikiwa bado zipo.