Sentimita mbili

Bibi alikuja na boti kutoka Mkoani, Pemba, kichupa cha mafuta ya karafuu kakifunga kwenye ncha ya kanga. Mjukuu wake wa miezi 8 alikuwa na siku ya tatu kwenye mashine ya kupumulia kwa sababu ya nimonia. Mama wa mtoto alikuwa kachoka hajiwezi, kwa hiyo bibi ndiye aliyesema na kila aliyeingia. Akaniuliza jina, akauliza na kwetu. Nilipomwambia Konde, Pemba kulekule, uso ukamfunguka.

“Wewe ndiye mkanda vifua?”

“Ndiye mie, bibi.”

“Basi mkande, mwanangu. Mie nimesinga watoto sita na wajukuu sijui wangapi. Kifua kikijaa balghamu hukandwa.”

Daktari naye alikuwa ameandika maneno yaliyokaribia hayo: pafu la kushoto limesinyaa, afanyiwe fiziotherapia ya kifua, yaani asaidiwe kwa mikono balghamu itoke.

Sikuweka mkono. Nilisimama miguuni pa kitanda nikamtazama mtoto anavyopulizwa. Kila pumzi ya mashine ilipoingia, upande wa kulia wa kifua uliinuka vizuri, wa kushoto ukabaki umelala. Nikaweka stethoskopu. Kulia hewa inavuma, kushoto kimya. Oksijeni kwenye damu ilikuwa asilimia 87, na mashine tayari ilikuwa inampa nyingi.

Zamani ningeshaanza kupiga. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kukosea, na kosa lenyewe sitaki wadogo zangu wa kazi hii walirudie. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, hospitali nyingine, nikaitwa kwa mtoto wa miezi 3 mwenye bronkiolaiti, naye yuko kwenye mashine. Nikakunja kiganja kama kikombe, nikampigapiga kama nilivyofundishwa chuoni, mbele, ubavuni, mgongoni. Oksijeni ikaanguka kutoka 93 hadi 78 nami bado napiga, nikidhani balghamu inakaribia kutoka. Nesi ndiye aliyenishika mkono. Akamtoa kwenye mashine, akambinyia hewa kwa ambu, ule mfuko wa kupulizia kwa mkono, mtoto akarudi. Alipona na akaenda kwao. Nesi yule hakunisema mbele za watu. Alinisubiri kwenye korido akaniuliza, “Ulikuwa unatafuta nini mle?” Sikuwa na jibu.

Bronkiolaiti huvimbisha kuta za vijibomba vidogo kabisa vya hewa, na uvimbe hautoki kwa kupigwa. Baadaye nilisoma mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao unaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti za watoto wachanga waliolazwa kwa ugonjwa huo: kupigapiga na kutikisa kifua hakukupunguza ukali wake. Na njia za hewa za mtoto ni nyembamba mno. Bomba likipungua upana kwa nusu, ukinzani wa hewa hupanda mara 16. Mtu mzima ana nafasi ya kuvumilia makosa yetu, mtoto hana.

Basi siku hiyo nikajiuliza swali la nesi. Nikainama mdomoni mwa mtoto. Mpira wake wa kupumulia ulikuwa namba 3.5, na hesabu tunayoanzia ni nyepesi: namba ya mpira mara 3, unapata alama ya sentimita inayotakiwa ionekane mdomoni. Yake ilitakiwa iwe 10.5. Plasta ilikuwa imelowa mate na kuachia upande mmoja. Nikafuta mate kwa shashi, nikasoma mara mbili ili nisijidanganye: 12.5.

Sentimita mbili. Kwa mtu mzima pengine zisingeleta kishindo, lakini koo la hewa la mtoto wa umri huo lote lina sentimita 5 hivi. Mpira ukizama, mara nyingi huingia kulia, kwa kuwa tawi la kulia ni pana na limenyooka zaidi. Pafu la kushoto lilikuwa linakosa hewa tu. Ningempiga mpaka magharibi lisingefunguka, na ningemchosha mtoto ambaye tayari anapigania roho yake.

Kuvuta mpira si kazi yangu. Nikamwita daktari, naye hakukasirika, alikuja mbio. Akaurudisha, nesi akabadilisha plasta, picha ya kifua ikapigwa kuhakikisha. Haukupita muda mrefu oksijeni ikasoma 94.

Bibi alikuwa ananitazama muda wote. “Hukumkanda.”

“Bado, bibi. Sasa.”

Pafu lililolala kwa saa kadhaa huwa limeshakusanya uchafu. Tulimlaza kwa ubavu wa kulia, kushoto kukawa juu ili hewa ilifikie na balghamu iteremke. Hapa lazima jicho liwe kwenye namba. Mtu mzima mwenye pafu moja bovu hupata nafuu pafu zima likiwa chini. Mtoto mchanga mara nyingi ni kinyume chake, hivyo ukimgeuza na oksijeni ikashuka, unamrudisha bila ubishi. Kichwa hatukukiinamisha chini ya mwili, wala hatukumpiga. Mwenye mbavu zilizovunjika, anayetoka damu mapafuni au mwenye shinikizo kichwani hata mtikiso mwepesi wa kifua hafanyiwi.

Bibi akanawa mikono, nikauchukua mkono wake nikaulaza ubavuni mwa mjukuu, wangu juu yake. Mkono wa mtu aliyechambua karafuu maisha yake yote, vidole vikavu, vyepesi. Tukangoja. Pumzi ikatoka, na chini ya kiganja kikapita kitu kinakwaruza.

“Naisikia,” akasema kwa sauti ya chini. “Kama paka anayekoroma.”

Nikatikisa taratibu pumzi inapotoka tu, si inapoingia. Dakika mbili, tatu. Nesi akaongeza oksijeni kwanza, akapitisha mpira mwembamba wa kunyonyea, namba 6, hazikufika sekunde 10. Ukatoka ute wa njano, mzito kama uji uliopoa. Nikaurudisha mkono wa bibi palepale. Akafumba macho.

“Kanyamaza paka.”

Kichupa cha karafuu nilimuomba asikitumie, mafuta yale ni makali kwa ngozi na pumzi ya mtoto mdogo. Alikubali bila kinyongo, akanipa mie, eti nijipake magoti.

Mtoto alitolewa mashine siku ya sita, sauti imemkauka, kilio kama cha kifaranga. Lakini siku zile tatu katikati, kila saa ya kutazama wagonjwa ilipofika, bibi alimsalimu nesi wa zamu kisha akaenda moja kwa moja kichwani pa kitanda.

“Mpira uko kwenye ngapi, mwanangu?”

“Kumi na nusu, bibi.”

Ndipo alipokaa.